Bunduki ya Ndege

Mafuta ya cherehani yana harufu nyembamba, kama chuma kilichotoka kuoga. Huivuta kila asubuhi kabla ya chai, kwa sababu cherehani yangu ina umri kama wangu, na isipopakwa mafuta hulalamika kama mimi. Wateja hunitania kwamba nikifa itabidi wanizike na kiti. Nawajibu kiti wabaki nacho, wanizike na cherehani, maana huko niendako hakukosi mtu wa kupunguziwa suruali. Rafiki zangu wa shule wamefika Dubai, wengine wamefika Njiru wakajenga. Mimi nimefika Kware, ghorofa ya chini kabisa, na safari yangu ndefu ni kutoka kitandani hadi dirishani. Nikifika dirishani naona ukuta wa jengo la pili, narudi nikiwa nimeridhika kwamba dunia bado iko.

Juzi nilikuwa napaka mafuta hayo, kitambaa mkononi, mama akapiga simu. Akanisalimia, akauliza hali ya mguu, akauliza kama kwetu mvua imenyesha, na hapo nikajua kuna jambo, kwani mama akianza na mvua kuna mtu amekufa. Mzee Zakaria ametutoka, akasema. Kisha akangoja niseme pole. Tone la mafuta lilikuwa linateremka kwenye shingo ya cherehani, nikalitazama hadi lilipofika chini, nikamwambia mama kwamba hapa kwetu mvua haijanyesha.

Harufu ile kwangu haikuanza na cherehani. Ilianza na bunduki.

Nyinyi wa rika langu mliolelewa Eastlands mnazijua nyumba zile za baraza la jiji: mistari miwili inayotazamana, uwanja wa udongo katikati, bomba moja ambalo maji yake yalikuja yalipotaka, na kamba za nguo zilizokatiza kila upande hadi mtu mrefu alitembea ameinama kama anaomba msamaha. Nyumba ya mwisho, iliyopakana na ua wa michongoma, ilikuwa ya Mzee Zakaria. Alikuwa mzee wa kanisa letu, na katika kiwanda cha blanketi alikuwa msimamizi wa stoo. Ndiye aliyemwingiza baba kiwandani baba alipofika kutoka magharibi na sanduku lake la mbao. Kwa hiyo nyumbani kwetu jina lake lilitajwa kwa sauti ile ile iliyotumika kwa jina la Mungu, ila la Mungu tulilitaja wakati wa kula tu.

Mzee Zakaria alifuga kuku, na mwewe wa Nairobi mnawajua. Hunyakua kifaranga, hunyakua mandazi mkononi mwa mtoto, wangeweza wangenyakua na mtoto. Basi Mhindi aliyekuwa mwenye kiwanda, alipohamia ng'ambo, alimwachia bunduki ndogo, ile ya kukunja katikati, isiyotumia baruti bali upepo. Jumamosi alasiri Mzee aliketi kwenye stuli mlangoni pake, bunduki mapajani, akiipangusa kwa mafuta ya cherehani ya mkewe. Alituruhusu tusogee tukae miguuni pake. Tulivuta harufu ile kama watoto wa siku hizi wanavyovuta ya chipsi. Risasi zake zilikuwa vitu vidogo vya kijivu, kama punje ya dengu, vimebinywa katikati kama mwanamke aliyejifunga leso. Zilizokwisha kupigwa zilitapakaa uwanjani kote. Sisi wasichana tuliziokota, tukazifanya sufuria za wanasesere wetu. Nilikuwa na mfuko mzima wa sufuria hizo, tajiri wa jikoni ambaye hajawahi kuchemsha hata maji.

Watu wazima waliiita bunduki ya ndege. Mgeni akija akishtuka kuiona, mama alimtuliza kwamba ni bunduki ya ndege tu, haiui mtu. Sasa, mnajua lugha yetu inavyobana matumizi ya maneno. Kiumbe chenye manyoya ni ndege, na ile yenye rubani nayo ni ndege. Kambi ya jeshi la anga haikuwa mbali na kwetu, na ndege za chuma zilipita juu ya paa hadi vikombe vikalia kabatini. Mimi nilisikia bunduki ya ndege, nikatazama juu, nikaelewa mara moja: Mzee Zakaria alikuwa anatulinda. Ndege ya jeshi ingeamua kutuharibia mtaa, yeye angeiangusha kwa risasi moja na kurudi kupangusa. Zilipopita bila yeye kufyatua, nilidhani amezisamehe. Nilimwambia hivyo Akinyi, binti wa jirani, naye akaniamini, kwa sababu Akinyi aliamini kila kitu isipokuwa kwamba ameshindwa kwenye kati.

Mnaikumbuka kati? Wawili wanasimama huku na huku, mmoja anakaa katikati, wanamrushia mpira wa soksi kuukuu na makaratasi ya nailoni, naye anakwepa. Ukiguswa umetoka. Mimi nilikuwa siguswi. Ni kitu pekee nilichowahi kukiweza kwa miguu, niacheni nijisifu kidogo. Nilijua kuinama, kujipinda, kuruka mpira ukipita chini ya goti. Mama zetu walikuwa wanaacha kufua ili wanitazame.

Siku moja nilikuwa katikati. Akinyi alikuwa upande wa bomba, mpira mkononi, ananizugazuga, na nyuma yangu alikuwa Wambui, aliyekuwa akingoja zamu kwa kinyongo. Kuku wakapiga kelele upande wa michongoma. Nikasikia mlio, pwa, kama soda inayofunguliwa, na wakati huohuo kitu kikanifinya kiunoni kwa nyuma, kama kucha ya mtu.

"Umeguswa, toka," Wambui akasema.

Nikageuka nimeshika kiuno, hasira zimenipanda. "Nimeguswa na nini, na mpira huo hapo kwa Akinyi?"

Tukabishana. Wambui aliapa kwamba ameniona nikiruka kama mtu aliyeguswa. Akinyi aliuinua mpira juu kuonyesha kwamba hajaurusha, lakini kwa vile alitaka nitoke alisema huenda niliguswa na ule wa mwanzo ila nimechelewa kusikia. Tulikuwa bado tunagombana kuhusu sheria za mchezo Wambui alipoacha kusema, akaniambia polepole kwamba gauni langu lina damu.

Mzee Zakaria alikuja akitembea. Wazee wa kanisa hawakimbii. Bunduki alikuwa nayo mkononi bado, imeelekea chini. Mama alitoka ndani na unga vidoleni, na majirani wakatoka, wakanizunguka, gauni langu likafunuliwa mbele ya mtaa kama pazia. Palikuwa na tundu dogo, kama la sikio lililotobolewa kwa ajili ya hereni. Tundu kama hilo mtu hulifurahia. Mzee alilipangusa kwa spiriti, akaliangalia, kisha akainama akatafuta chini kwenye udongo, akainuka na kijirisasi kati ya vidole viwili.

"Hii hapa, Mama Wafula. Imemgusa, ikadunda."

Mama yangu aliitwa hivyo kwa kaka yangu, aliyekuwa shule ya bweni. Mama akaishusha pumzi aliyokuwa ameizuia, na majirani wakashusha zao. Imedunda. Kuna mama mmoja hata alicheka. Hakuna aliyeangalia chini. Mahali pale ungeinama popote, macho yamefumbwa, ungeokota risasi ya Mzee Zakaria. Mimi mwenye jikoni nzima ya sufuria hizo nilikuwa naweza kuwaambia, ila nilikuwa nalia, na aliye na sufuria nyingi huwa hajui kama ana ushahidi.

Kama aliamini alichosema au la, sijui mpaka leo. Nimemfikiria kwa njia zote mbili, na kwa vile ninashinda nyumbani nimekuwa na nafasi.

Mama akasema hata hivyo anipeleke kliniki nidungwe sindano ya pepopunda. Mzee akamvuta pembeni, hatua chache tu, tukasikia sote. Akamshauri aseme ni msumari, kwa kuwa akitaja bunduki ataletewa askari kabla ya dawa, na yote ya nini, wakati ni ya ndege tu. Akaongeza kwamba angezungumza na baba yeye mwenyewe kazini. Hilo la kazini alilisema kwa upole sana.

Kliniki kulikuwa na sista mnene, mchangamfu, aliyeniita mrembo. Mama akamwambia nimeangukia msumari. Sista akanigeukia aniulize mwenyewe, kama wanavyofanya wanaowapenda watoto. Nami nilikuwa nimefundishwa shule ya Jumapili kwamba mwongo haendi mbinguni.

"Nimepigwa na bunduki ya ndege," nikasema.

"Ndege gani?"

Nikaonyesha dari kwa kidole. "Zile kubwa. Zile zinazopita."

Sista alicheka hadi akashika kofia yake. Akamwita mwenzake aje amwone mtoto aliyepigana na jeshi. Mama naye alicheka, na kicheko chake ndicho ninachokisikia hata sasa kuliko cha yule sista, kwa sababu sista hakujua. Nilidungwa, nikabandikwa plasta, nikapewa peremende. Ukweli niliusema siku ya kwanza, mchana kweupe, ukafanyiwa mzaha ukalambishwa peremende.

Baada ya hapo nilianza kulowa.

Niliamka asubuhi shimizi imelowa mgongoni na godoro limelowa. Maji meupe, hayana harufu. Mama alikasirika, msichana mkubwa hivi. Nilimwambia yanatoka mgongoni. Alinitazama kama mtu anayetazama chenji pungufu.

"Mgongo haukojoi," akasema.

Na mnajua kikojozi alifanywa nini mtaani kwetu. Godoro langu lilitandazwa juu ya ua wa michongoma, mahali pa jua na pa watu, na watoto wakapita wakiimba. Wambui ndiye aliyeongoza nyimbo, ana sauti nzuri, baadaye aliimba kwaya. Halafu kichwa. Nikikaa kilitaka kupasuka, nikilala kikatulia. Ugonjwa gani huo unaopona mtu akishalala na kurudi akiambiwa aoshe vyombo? Baba, ambaye hakuwa mtu wa maneno, aliupa jina: ugonjwa wa masufuria. Tulicheka wote, hata mimi nilicheka nimelala. Hapo ndipo nilipoanza kujulikana kama mtu wa nyumbani, mtu wa kitanda. Sifa ya mtu huanza kama utani, ikishakaa haitoki.

Kisha ndara. Nilikuwa naenda bombani narudi na ndara moja. Akinyi ananikimbilia na ya kushoto, ameishika juu. "We, umeacha kiatu." Nilikuwa sijui kwamba kimenitoka. Mara ya kwanza tulicheka. Alinikimbilia nayo tena, na tena, hadi akaacha kucheka, akawa ananipa tu na kunitazama mguu. Nadhani Akinyi alijua kabla ya mtu mzima yeyote. Kwenye kati hakunirushia mpira tena, akasema amechoka na mchezo huo, na Akinyi hakuwahi kuchoka na kitu.

Siku moja mama aliniweka kitandani, akanishika mguu wa kushoto, akaniambia nifumbe macho na nimwambie akinifinya. Nikafumba. Nikangoja.

"Mama, anza basi," nikasema.

Nilipofumbua macho alikuwa ameshikilia kidole changu kikubwa cha mguu kati ya kucha zake, kimekuwa cheupe, na uso wake sikuwahi kuuona hivyo kabla. Jioni hiyo homa ilinipanda na shingo ikakataa kuinama. Wakanipeleka hospitali kubwa, baba na mama wote wawili, baba amevaa koti lake la kanisani.

Kule kulikuwa na daktari mwanamke, mfupi, mwenye macho ya mtu asiyelala. Aliifungua plasta, akaangalia maji yanayotoka tunduni, hakucheka. Akaniamuru nilale bapa, nisiinuliwe hata kwa uji, akanitundikia dawa za mshipa, akasema nipigwe picha. Picha ilipokuja aliishika dhidi ya dirisha. Mimi nilikuwa kwenye kitanda cha magurudumu, nikaiona kutoka chini. Mifupa yangu ilikuwa myeupe kama ngazi, na katikati ya ngazi, upande mmoja, palikuwa na kitu kidogo cheupe zaidi, kimebinywa kiunoni. Nikakitambua mara moja. Ilikuwa sufuria ya mwanasesere wangu.

"Hiki ni nini, mzee?" daktari akamuuliza baba.

"Msumari, daktari."

"Msumari hauna kiuno."

Baba akaangalia viatu vyake. Ninajua alichokuwa anakiangalia. Alikuwa anaangalia stoo ya blanketi, lango la kiwanda, kaka yangu bwenini, kodi, kila kitu kilichoshikiliwa na mkono wa mtu mmoja. Daktari hakumharakisha. Alingoja, picha mkononi, na mimi nikangoja nimelala bapa, na nilitaka sana mtu aseme, kwa kuwa nilikwisha kusema nikachekwa na sikutaka kuchekwa tena.

Mama ndiye aliyesema. Alisema maneno yale yale niliyoyasema mimi kliniki, hakuongeza hata moja.

"Ni bunduki ya ndege, daktari."

Na daktari hakuuliza ndege gani.

Alituambia mengi, mengine nimeyaelewa nikiwa mtu mzima. Kwamba risasi ndogo namna hiyo ikishaingia huchoka, haina nguvu ya kutokea upande wa pili, kwa hiyo mtoto akiwa na tundu la kuingilia na hana la kutokea, mtu asikubali kuambiwa imedunda kabla ya picha. Kwamba wapo watoto wanaoachwa nayo. Kama imetulia, miguu inafanya kazi na hakuna kinachovuja, kuitafuta kwa kisu kunaweza kuharibu kuliko kuiacha, huchungwa tu. Lakini mimi mguu ulikuwa unakufa, homa ilikuwa imepanda kichwani, na nilikuwa navuja, mimi ilibidi nifunguliwe. Na yale maji, alimwambia mama, si mkojo. Ni maji yanayozunguka ubongo na uti wa mgongo, ndiyo maana kichwa kiliniuma nikikaa.

Mama aliketi sakafuni. Maji ya ubongo wangu alikuwa ameyaanika juu ya michongoma, mtaa mzima ukayaimbia.

Baba aliuliza kama mguu utarudi. Daktari akasema watatoa risasi, wataziba palipotoboka, ila mshipa uliobanwa siku nyingi huwa unasahau kazi yake. "Mngekuja mkasema siku ile ile," akasema, halafu akaacha.

Nilifunguliwa, nikafungwa, nikalala kifudifudi hadi nikaijua sakafu ya wodi kuliko wanaoipiga deki. Kitanda tulilala wawili, mimi na mtoto aliyeungua kwa chai, yeye hawezi kulala kifudifudi, mimi siwezi kulala chali, tukapangana kama viatu kwenye boksi. Homa iliisha. Maji yalikauka. Daktari alinionyesha risasi ndani ya kichupa kitupu cha penisilini, akakitikisa kikalia, nikamwambia ni sufuria, na yeye akasema ni ndogo sana kwa pilau. Nilimpenda kwa hilo. Kisha akampa baba kichupa, akamwambia risasi iliyotoka mwilini mwa mtoto ni ya kupelekwa polisi, na kwamba yeye atakuwa tayari kusema alikoitoa.

Baba alikitia kwenye mfuko wa shati. Hiyo ndiyo mara ya mwisho kukiona. Siku niliporudi nyumbani wazee wa kanisa walikuja, wakajaza kochi na viti vya majirani, wakanywa chai. Mzee Zakaria aliomba kwa muda mrefu, kwa machozi, na machozi yalikuwa ya kweli, nilikuwa nimelala pale pale nayaona. Ilikubaliwa kwamba ilikuwa ajali. Hakuna aliyesema haikuwa ajali; mimi mwenyewe sijawahi kudhani alinilenga. Lakini lile la kuokota risasi chini, lile la msumari, lile la kazini lililosemwa kwa upole, hayo yote yalitiwa ndani ya neno hilo moja yakafungiwa humo kama nguo chafu. Bunduki ikapelekwa kwa ndugu yake mashambani, nadhani huko nako kulikuwa na ndege.

Baba alibaki na kazi, mimi nikabaki na mguu. Sijui nani alipunjwa, kwani kiwanda kilifungwa haukupita muda mrefu, nguo za mitumba zimekimaliza, na mguu bado ninao.

Kanisani tulisimamishwa mbele kutoa shukrani. Mzee Zakaria akaweka mkono wake kichwani pangu, unanukia mafuta ya cherehani hata baada ya bunduki kuondoka, akawaambia watu tumshukuru Bwana kwamba ilikuwa ya ndege tu. Kanisa zima likasema amina. Nilimtazama mama mdomoni. Haukufunguka. Sijawahi kumuuliza, na mama hajawahi kunieleza, lakini kuna siku nikimkasirikia huwa naukumbuka mdomo ule nampigia simu.

Mtaani niliitwa Ndege. Nani aliyepigwa na bunduki ya ndege kama si ndege? Niaje, Ndege. Ndege, ruka tuone. Akinyi aliwarushia mawe, mara mbili tatu, halafu naye akachoka, alikuwa mtoto. Mimi nikaingia ndani. Siku moja mke wa Mzee Zakaria alikuja, peke yake, amebebewa cherehani yake na kijana wa mkokoteni. Akaiweka karibu na dirisha, akaweka na chupa ya mafuta juu yake, akasema msichana asikose kitu cha kufanya. Ina kanyagio moja pana, na mguu wangu wa kulia umefanya kazi ya miwili tangu hapo. Ndiyo hii hii ninayoipaka mafuta. Wateja wanaponitania kuhusu kiti, hawajui wanachokitania.

Alhamisi msichana mmoja aligonga mlango, kitambaa cha zambarau kimemjaa mikononi. Alijiita Ruthi, kitinda mimba wa Mzee Zakaria, aliyezaliwa sisi tumekwisha kuhama. Mama ndiye aliyemwelekeza kwangu. Walitaka wanawake wa familia wavae sare siku ya mazishi. Mcheshi sana, ana meno ya babake na namna yake ya kuinamisha kichwa akisikiliza. Alinieleza jinsi mzee alivyopenda watu, jinsi alivyokuwa akiniulizia. Nikamwambia ageuke nimpime mgongo. Alipogeuka akauona mguu wangu chini ya meza, ndani ya kiatu chenye chuma cha kuushikilia.

"Pole, dada. Ni polio?"

Kumbe nyumbani kwao huwa ni polio.

"Ni bunduki ya ndege," nikasema.

Akacheka. Alicheka kama yule sista wa kliniki, kwa moyo mweupe, mgongo wake ukitikisika chini ya futi yangu. "Ndege gani, dada? Ulikuwa jeshi?"

Nilikuwa nimeshika futi shingoni pake, naiteremsha. Mgongo mzuri, umenyooka, ngozi haina tundu. Nilipofika pale, kiunoni, mkono ulisimama wenyewe. Nilipokuwa mtoto nilijibu swali hilo vibaya, nikaonyesha angani, nikasema zile. Shule ilinisaidia kitu kimoja. Safari hii ngeli niliipata sawasawa.

"Wale baba yako aliokuwa akiwapiga," nikamwambia. "Wale waliokuwa wakila vifaranga."

Kicheko chake kilikatika. Hakugeuka. Kitambaa cha zambarau kikateleza kutoka mikononi mwake hadi sakafuni.

Nikamwambia asimame wima, bado sijamaliza kumpima.